Bwawa langu la perege lina kikomo cha mbolea. Mto Msimbazi una kikomo gani?

Perege wa Kinyerezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili limenikaa moyoni tangu masika na leo nimeona nilitue hapa.

Nafuga perege huku Kinyerezi, Dar es Salaam. Bwawa langu ni la kuchimba, mita 10 kwa 15, maji yanafika kiunoni. Anayefuga samaki anajua kwamba mbolea ya kuku tunaitia majini kwa makusudi. Inaotesha mwani mdogo mdogo, ule unaofanya maji yawe ya kijani, na perege wanaula. Ukizidisha, mwani unajaa kupita kiasi. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta, na ukifa unaoza na kuvuta iliyobaki. Mzee aliyenifundisha kazi hii alinipa kipimo kimoja tu: zamisha mkono taratibu, kiganja kikiwa wazi. Maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja bado unakiona vizuri, maji yana njaa, ongeza kidogo. Kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijagusa maji, weka ndoo chini.

Mwezi wa nne nilisafiri siku 9. Nyuma yangu mvua ikazoa lundo zima la mbolea nililoliacha ukingoni na kuliingiza bwawani. Nimerudi, nimeshuka bwawani saa 11 alfajiri na tochi. Samaki wote wako juu, midomo wazi, wanapigana kupata ile hewa ya usoni mwa maji. Hawashtuki hata ukiwagusa. Nikazamisha mkono: kiganja kimepotea maji yalipopita kidogo tu kifundo cha mkono. Hadi saa 2 asubuhi nilikuwa nimezoa ndoo 7 za waliokufa.

Wiki ile ile nikapanda daladala, tukavuka daraja la Kigogo. Nikachungulia Msimbazi. Kwenye vidimbwi vya pembeni, rangi ni ile ile ya bwawa langu, na juu mapovu yale yale. Nikajiuliza: huku nani anazamisha mkono?

Nimesoma viwango vyetu vya majitaka, vile vilivyo kwenye kanuni za ubora wa maji za 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Vinasema fosforasi, ambayo ni kirutubisho cha kwenye mbolea, isizidi miligramu 6 kwa lita. BOD, yaani oksijeni inayovutwa na vijidudu vinapoozesha uchafu, isizidi 30, na COD, oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali, isizidi 60. Ni vizuri vipo. Lakini jedwali lile linapima lita moja kwenye mdomo wa bomba. Haliulizi mabomba ni mangapi, wala mto unabeba kilo ngapi kwa siku kabla haujafa. Ni sawa na mtu kuniambia kila ndoo ya mbolea iwe na uzito fulani, asiniambie nimwage ndoo ngapi.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Inawezekana kuupangia mto, ghuba au pwani kikomo cha jumla? Wenzetu wanafanyaje?

---

Kabwela wa Kigogo

Pole sana mkuu. Mimi nimezaliwa Kigogo, mto huo nimeuona ukiwa na kambale. Ila nikwambie ukweli, hata hivyo viwango vilivyopo havifuatwi. Kuna nyumba huku mtaani imetoboa bomba la choo moja kwa moja kwenye mtaro na kila mtu anajua. Tutapanga vikomo vipya vya nini?

---

Mpima Maji

Nimefanya kazi maabara ya maji miaka 12, sitasema wapi. Mwanzisha uzi ameshika penyewe.

Tuchukue hiyo miligramu 6. Kiwanda kinachotoa lita milioni 1 kwa siku, kikiwa ndani ya sheria kabisa, kinapeleka mtoni kilo 6 za fosforasi kila siku. Vikifika viwanda 10, ni kilo 60. Ukikagua kimoja kimoja hukuti mwenye kosa, na mto unaendelea kufa. Halafu kipimo cha lita kina mwanya: ukichanganya majitaka na maji safi, namba kwenye karatasi inashuka, kilo zinabaki zile zile.

Sasa linganisha na mahitaji ya mto wenyewe. Miongozo ya miaka mingi ya Marekani inashauri fosforasi ndani ya mto isizidi miligramu 0.1 kwa lita, na 0.05 pale mto unapoingia ziwani. Gawanya 6 kwa 0.1, unapata 60. Kila lita ya majitaka yaliyo halali inahitaji lita 59 za maji yasiyo na fosforasi hata chembe ndipo mto upumue. Mwezi wa tisa, wakati sehemu kubwa ya kinachotiririka Msimbazi ni majitaka yenyewe, hizo lita 59 zinatoka wapi?

Na mabwawa ya kusafishia majitaka ya aina ya Vingunguti na Kurasini, watu wayaelewe. Kazi yake kubwa ni kuua vijidudu na kupunguza uozo. Fosforasi inapita humo kwa wingi, maana haikupangwa inaswe hapo.

Kabwela, ndugu yangu, hoja yako ni nzito, lakini tazama upande wa pili. Bila kikomo cha mto, mkaguzi akienda kwenye ile nyumba ataambiwa "kwani mimi peke yangu?" na hana jibu. Mto ukiwa na hesabu yake, kila anayeongeza kilo anakula fungu la mwenzake, na jirani ana haki ya kumuuliza.

---

Mwalimu wa Kemia

Niongeze kidogo kuhusu kwa nini tunahangaika na fosforasi na naitrojeni, virutubisho viwili vya mbolea, na si vitu vingine.

Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, kundi la wanasayansi likiongozwa na David Schindler lilichukua ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226. Ziwa lina umbo la namba 8. Wakalikata kiunoni kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili wakatia kaboni (sukari, kwa kweli) na naitrojeni. Upande mmoja tu wakaongeza fosforasi. Picha ya kutoka angani inaonyesha upande huo umekuwa kijani kizito na wa pili umebaki na rangi yake. Enzi hizo wenye viwanda vya sabuni, ambazo zilikuwa na fosforasi, walikuwa wanashikilia kwamba kosa ni la kaboni. Baada ya picha ile hoja yao ilikosa miguu. Tayari 1972 Marekani na Kanada walikuwa wametia saini makubaliano ya Maziwa Makuu ya kwao, na mitambo mikubwa ya majitaka ikatakiwa kushusha fosforasi hadi miligramu 1 kwa lita. Sisi tuko kwenye 6.

Kwa asiyependa kemia: una gunia la mchele na nazi moja. Wali wa nazi utapika sufuria ngapi? Nazi ndiyo inayoamua. Ziwani, nazi mara nyingi ni fosforasi. Baharini mara nyingi ni naitrojeni. Na Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu kama maji baridi, unaishia Bahari ya Hindi pale daraja la Salenda. Ukibana fosforasi peke yake, vidimbwi vya Jangwani vitapona na naitrojeni itashuka salama usalimini hadi baharini ikafanye kazi yake huko. Mto wa namna hii unahitaji vikomo viwili.

---

Nahodha Msasani

Asalaam aleikum. Mimi si msomi ila bahari naijua.

Marehemu baba alikuwa anatega dema kwenye nyasi bahari, hatua chache tu kutoka pwani. Tasi walikuwa wanakuja kula humo, na pono wadogo wanakulia humo. Maji ya bamvua yakitoka unaziona nyasi zimelala, ndefu, kijani kilichoiva. Siku hizi sehemu ile ile navuta dema limevikwa mwani mwepesi, laini kama kitambaa kilicholowa, unateleza mkononi. Chini yake nyasi zimekuwa za njano, nyingine ni mashina tu. Ukiuondoa mwani leo, baada ya siku chache umerudi. Unazidi baada ya masika, jua likianza kuwaka.

Sasa mimi nauliza, huo mwani ndio hiyo mbolea mnayoisema?

---

Mpima Maji

Nahodha, mzee wangu, kwa unavyoeleza ndio hiyo. Mwani mwepesi unakua haraka kuliko nyasi, unazifunika, unazinyima mwanga. Na swali lako ndilo linalojibu swali la mwanzisha uzi kuhusu wenzetu.

Kuna ghuba inaitwa Tampa, jimbo la Florida. Miaka ya 1970 ilikuwa imechafuka vibaya, nyasi bahari zimekufa eneo kubwa. Walipokaa kupanga kikomo hawakuanza na miligramu. Walianza na nyasi zenyewe: zinahitaji mwanga kiasi gani ziishi? Vipimo vikasema karibu asilimia 20 ya mwanga wa juu ya maji ufike kwenye jani. Basi wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Tunataka nyasi zifike kina fulani, kwa hiyo maji yawe angavu kiasi fulani, kwa hiyo mwani usizidi kiasi fulani, kwa hiyo naitrojeni inayoingia ghubani kwa mwaka isizidi tani fulani. Zile tani ndizo walizogawana: miji, viwanda vya mbolea, mashamba, mpaka moshi wa mitambo ya umeme kwa sababu naitrojeni inashuka na mvua. Katikati ya miaka ya 2010 nyasi zilipita lengo lao la ekari 38,000, na mji ulikuwa umeongezeka watu wengi. Baadaye zimepungua tena, wamerudi kazini. Kazi hii haina siku ya kufunga daftari.

Perege wa Kinyerezi, unaona? Ni kiwiko chako kile kile. Unauliza kwanza jicho linaona mpaka wapi, ndipo unahesabu ndoo.

---

Dereva wa Majitaka

Mabingwa, mmesahau kitu kimoja kikubwa. Mnazungumzia bomba kana kwamba Dar ina mabomba. Waliounganishwa na mfumo wa majitaka ni wachache. Sisi wengine wote ni vyoo vya shimo na makaro.

Naendesha gari la kunyonya. Manzese, Tandale, Vingunguti kuna nyumba gari haliwezi kusogea hata mita 50. Hapo wanaitwa vyura: vijana wanaingia shimoni na ndoo, wanachimba shimo la pili pembeni, wanahamishia humo. Na asiye na hela ya gari wala ya vyura anasubiri mvua. Mvua kubwa ikipiga saa 8 usiku mtu anatoboa ukuta wa choo, anatapisha, mtaro unachukua, mto unachukua. Asubuhi hakuna ushahidi. Siwalaumu, pesa ya kuita gari mara moja ni chakula cha nyumba nzima kwa siku nyingi. Lakini msipange kikomo cha mto kwa kuhesabu viwanda peke yake, mtakuwa mmeacha nusu ya mzigo barabarani.

---

Perege wa Kinyerezi

Dereva, asante. Umenifanya nishike kalamu.

Sensa ya 2022 inasema Dar tuko watu 5,383,728. Mwili wa mtu hutoa naitrojeni kiasi gani kwa mwaka, kubwa na ndogo kwa pamoja? Inategemea anakula nini. Mimi nimechukua kilo 3 kila mtu. Inakuja zaidi ya tani 16,000 kwa mwaka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Gawanya: ni kama mifuko laki 7 ya urea kila mwaka.

Najua si yote inafika mtoni. Nyingine inapotelea hewani, nyingine inabaki udongoni. Lakini nyingine inashuka kwenye maji ya chini ikiwa naitreti, na humo ndimo tunamochimba visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kopo, kwa sababu inazuia damu yao kubeba oksijeni. Samaki wangu na mtoto mchanga wanakosa kitu kimoja. Jambo hili lilininyima usingizi jana.

---

Mchicha Bondeni

Nimesoma wote, kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima matembele na mchicha bondeni, naomba nisikilizwe na mimi.

Kila yanapoanza mazungumzo ya mto, mwisho wake unaangukia kwetu. Wanakuja, wanafyeka matuta, wanatuambia tunachafua. Mmeandika hapo juu "mashamba". Nikiona neno hilo najua kikomo kikija kitaanza na mimi, maana mimi sina uzio wala wakili, naonekana tangu barabarani.

Niwaambie kitu. Mwaka wa tatu huu sijanunua urea. Maji ya mto peke yake yanatosha, matembele yanakuwa meusi kwa kushiba. Nikikosea nikamwagilia sana mchicha unakuwa mlaini, hauchukui hata nusu siku sokoni. Kwa hiyo hiyo mbolea yenu mnayoihesabu kwa mifuko, kila asubuhi mimi naikata, naifunga mafungu, naitoa mtoni. Hilo mtaliandika wapi kwenye hesabu yenu?

---

Perege wa Kinyerezi

Mama, shikamoo. Nimekuelewa, na nakiri sikukuwaza nilipoandika.

Hesabu ya mto ni ya pande mbili, kinachoingia na kinachotoka. Wewe upo kwenye kinachotoka. Kuna hatari ya vijidudu na madini ya viwandani kwenye mboga, hilo lisifichwe kwa sababu na wewe unazila na wanao. Lakini kwenye naitrojeni na fosforasi, kukufyeka wewe na kuacha mabomba na vyoo vya juu ya mto vinamwaga ni kuongeza mzigo wa mto. Kikomo cha jumla kina faida hiyo: kinalazimisha kila mtu apimwe kwa kilo zake. Ukipimwa kwa kilo, mama, wewe huogopi.

---

Mchicha Bondeni

Marahaba mwanangu. Basi wanipime.

---

Binti Mbagala

Mimi nitoke nje ya Msimbazi kidogo. Huku kwetu mito ya Kizinga na Mzinga inaingia kwenye hori la Mtoni, nyuma ya bandari. Hori si kama Coco Beach ambako mawimbi yanasafisha. Maji ya hori yanaingia na kutoka kwa mlango mwembamba, mikoko imeyashika. Kwa hiyo kilo zile zile zinaumiza zaidi huku kuliko pwani ya wazi. Kikomo kimoja cha "pwani ya Dar" kitakuwa kikubwa mno kwetu.

La pili ni Mto Ruvu, unaotoka Morogoro. Maji tunayokunywa mjini sehemu kubwa ni ya Ruvu, na sasa linajengwa bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190. Maji yanayotembea na maji yaliyotuama si kitu kimoja. Yakituama yanapata joto, tope linazama, mwanga unapenya, mwani unapata nafasi. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, pale Ziwa Erie, watu zaidi ya laki 4 waliambiwa wasinywe maji ya bomba karibu siku 3 kwa sababu ya sumu ya mwani. Na sumu ile huwezi kuichemsha: maji yanapungua, sumu inabaki. Fosforasi ya kutoka Morogoro ipangiwe kikomo kabla bwawa halijajaa, kwa sababu ikishalala kwenye tope la chini inaendelea kutoka miaka mingi hata ukifunga mabomba yote.

---

Kabwela wa Kigogo

Binti Mbagala umenitisha. Lakini bado nina shaka na wanaopima. Mnakumbuka Machi 2022, Mto Mara? Maji meusi, samaki wanaelea. Kamati ikaja ikasema ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe na mimea iliyooza. Watu walikataa wakasema ng'ombe wapo tangu enzi za mababu.

---

Mpima Maji

Nakumbuka sana. Sikuwa Mara, sina la kuongeza juu ya matokeo yao. Ila kwamba samadi na majani yanayooza vinaweza kuua samaki kwa kumaliza oksijeni, hilo linawezekana kabisa, muulize mwanzisha uzi na ndoo zake 7. Watu walikataa kwa sababu hapakuwa na daftari waliloliona. Kama kila mwezi kwa miaka 10 kungekuwa na namba ya oksijeni, naitrojeni na fosforasi iliyobandikwa ofisi ya kijiji, tukio lingelinganishwa na jana yake, na mzee wa kijiji angeweza kusoma mwenyewe. Kamati ikija maji yakiwa meusi tayari, hata ikisema kweli haiaminiki.

Kwetu huku anayetoa vibali vya kutiririsha majitaka mtoni ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Hapo ndipo pa kuingiza kilo. Kibali kisiandike miligramu kwa lita peke yake, kiandike na kilo kwa siku, na jumla ya vibali vyote isipite uwezo wa mto wakati wa kiangazi. Mzigo wa vyoo vya shimo uhesabiwe kama mwenye kibali mmoja mkubwa, ambaye mdhamini wake ni sisi wote. Halafu pesa iende kwake kwanza: vituo vidogo vya kupokea tope la vyoo mitaani, karibu, ili kijana wa ndoo awe na pa kupeleka.

Na tusisubiri mtu. Mwaka 1865 padri mmoja Mtaliano, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari kwa kuzamisha sahani nyeupe kwa kamba. Mpaka leo duniani kote tunatumia hiyo. Sahani ya plastiki ya sentimita 20, jiwe chini yake, kamba yenye fundo kila nusu mita. Saa ile ile, maji yale yale ya kujaa, mahali pale pale, mara mbili kwa mwezi. Nani ana chombo?

---

Nahodha Msasani

Ngalawa ninayo. Kamba ninayo. Sahani nitaomba kwa mke wangu.

---

Perege wa Kinyerezi

Nahodha, nakuja. Niambie siku.

---

Nahodha Msasani

Jumamosi tumekwenda, mimi na Perege, saa 3, maji yamejaa. Mbele ya mdomo wa Msimbazi sahani imepotea kabla fundo la pili halijashika maji. Perege akazamisha na mkono wake pembeni, akakaa kimya.

Tukapandisha tanga tukaenda mpaka karibu na Bongoyo. Huko kamba imeisha, mafundo yote 10, na sahani bado inang'aa chini. Namba nimeziandika kwenye daftari la mjukuu wangu. Mara ya pili tunakwenda hori la Mtoni, Binti Mbagala atuonyeshe pa kuingilia.